Mizimu ya Upare na Swali la Bwana Msa

Mwaka 1922 Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani wa Kiadventista, alichapisha kitabu kuhusu mila za Wapare. Tangu kwenye jina lake, kitabu kile kilimchora Mpare kama mateka wa hofu. Mwaka 1969 Isaria Kimambo, Mpare na mwanahistoria, akatoa historia ya siasa za Wapare aliyoijenga kwa masimulizi ya wazee. Humo tambiko na jando ni nguzo za utawala.

Nani alikuwa sahihi? Tazama Usangi na Ugweno, Upare ya Kaskazini. Msitu wa jando, mshitu, haukukatwa ovyo. Aliyetamani kuukata aliogopa laana na faini ya wazee. Chini ya misitu ya milima ya Upare kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe. Kijito hulijaza usiku kucha. Asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakashika mfereji hadi kwenye mahindi na maharage, kila mtu kwa zamu yake. Misitu ikifyekwa, mvua hushusha udongo, na ndiva hujaa tope. Hofu ile ilikuwa inalinda maji.

Lakini masimulizi ya Mbaga, Upare ya Kusini, yanalitaja jiwe la Malameni, ambako watoto walitolewa kafara. Hapo hakuna cha kutetea. Hakuna mzimu wenye thamani ya mtoto.

Kipimo cha kutenganisha mambo haya tunacho katika fasihi yetu. Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960, mauaji yanahusishwa na mzimu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hatetemeki wala hadhihaki. Anachunguza, anahoji, hadi anaufikia mkono wa binadamu. Nasi tuiulize kila mila: inamfaa nani, na inamuumiza nani? Mshitu utajibu bila kusita. Malameni haina jibu.

Kazi hiyo haingoji. Vijana wengi wa Same na Mwanga, wilaya za Upare, hawaogopi tena laana, na si kosa lao. Kosa ni letu tukiwaondolea hofu bila kuwapa sababu, maana shoka hupita katika pengo hilo. Walimu wawapandishe wanafunzi hadi chemchemini, wayapime maji masika na kiangazi, wajue kwa akili zao kile ambacho babu zao walikilinda kwa kiapo.