Uvimbe kwa Korodani: Si Kila Moja ni Kansa, Lakini Usinyamaze

Uko Rhamu, jua limekuchoma, unaoga. Mkono unagusa kauvimbe nyuma ya korodani. Unashtuka: kansa! Alafu unanyamaza juu ya aibu.

Tulia msee. Kuna ugonjwa wa kurithi, nadra, unaitwa von Hippel-Lindau (VHL). Jeni ya kuzuia uvimbe imeharibika. Wanaume wengi wenye VHL humea uvimbe kwa epididimisi, ule mrija wa mbegu nyuma ya korodani. Huo wenyewe hauui, na mara nyingi hauhitaji kisu. Ukiwa pande zote mbili, daktari anafaa kushuku VHL.

Noma iko kwingine. VHL hiyo hiyo inaweza kuleta kansa ya figo, na uvimbe kwa macho na ubongo. So huu wa chini ni kengele tu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ako na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Nairobi ni mbali, anza na hosi ya kaunti, Mandera. Itisha ultrasaundi. Sema kama kwenu kuna mtu aliugua figo, ubongo ama akapoteza macho mapema. Na uvimbe mgumu ukiwa ndani ya korodani yenyewe, usingoje hata wiki. Huo ndio unaweza kuwa kansa, na ikishikwa mapema inatibika.