Betri ya Lithiamu na Alfajiri ya Sakitu

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia katika maisha yetu miaka hii ya karibuni, ni vichache vilivyoenea upesi kama betri ya lithiamu, maana imo katika simu ya mkulima, katika taa ya sola ya duka la kijijini, katika pikipiki ya umeme na katika minara ya simu iliyosimamishwa vilimani. Walakini, pamoja na wingi wake huo, tabia yake moja bado haijulikani sana, nayo ni kwamba betri hii huweza kutumika katika baridi kali bila ya madhara makubwa, lakini haiwezi kuchajiwa katika baridi hiyo hiyo ila kwa hasara isiyotengenezeka.

Mtu wa Tanga au Lamu ana haki ya kuuliza habari hii inamhusu nini, na jibu la insafu ni kwamba haimhusu sana, kwa kuwa mwambao hauna sakitu. Lakini uwanda wa Kitulo na vijiji vya Makete, mashamba ya Nyandarua, na kambi za juu za Kilimanjaro, ambako Kibo Hut imejengwa zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, ni mahali ambapo usiku wa kipupwe huweza kugandisha maji. Na jamaa zetu waliohamia Minnesota au Kanada huishi miezi kadhaa ya mwaka katika zamhariri ambayo nyuzi kumi chini ya sifuri huhesabiwa kuwa nafuu.

Ili kuifahamu sababu, yafaa kutazama yanayopita ndani ya betri. Inapochajiwa, chembe za lithiamu zenye chaji, ziitwazo ioni, hutoka ncha chanya, hupita katika elektroliti na katika utando mwembamba wenye vitundu, hata zikafika ncha hasi iliyotengenezwa kwa grafiti, kaboni ya namna ile ile iliyomo katika penseli, iliyojipanga matabaka kwa matabaka. Hapo hujipenyeza baina ya matabaka na kutulia mpaka zitakapohitajiwa. Katika joto la wastani kazi hii huenda kwa wepesi, lakini baridi inapofika nyuzi sifuri za Selisiasi na kuteremka zaidi, mwendo wa ioni ndani ya grafiti huwa mzito mno, ilhali chaja inaendelea kuzisukuma kwa nguvu ile ile, na hali ikawa kama ya wageni wa karamu waliofika kwa pamoja kwenye mlango mwembamba: wasioweza kuingia hubaki barazani. Ioni zilizokosa nafasi hugeuka kuwa lithiamu ya metali na kujibandika juu ya uso wa grafiti; tena mpaka baina ya kuingia na kubaki nje ni mdogo sana, kwa kuwa grafiti iliyokaribia kujaa hutofautiana na lithiamu tupu kwa takriban moja ya kumi ya volti.

Baadhi ya metali hiyo hurudi kazini betri inapotumika, bali nyingine huungana na elektroliti au hukatikiwa na mawasiliano, na ikishapotea imepotea. Mwenye betri haoni moshi wala hasikii harufu, na chaja yake humwonyesha kwamba umeme unaingia kama desturi. Ila baada ya misimu michache ataiona taa iliyokuwa ikiwaka mpaka alfajiri inazimika saa nne ya usiku. La kutisha zaidi ni kwamba metali huweza kuota kwa umbo la sindano, ikatoboa ule utando, na betri ikapiga shoti ndani kwa ndani na kushika moto, pengine siku ya joto, miezi mingi baada ya kosa lenyewe.

Adui huyu ni wa zamani. Stanley Whittingham alipounda betri yake ya lithiamu katika miaka ya 1970, ncha hasi ilikuwa ya metali, na sindano hizo hizo ndizo zilizoitia dosari. John Goodenough akaleta mwaka 1980 ncha chanya yenye kobalti, na Akira Yoshino mwaka 1985 akaiondoa metali na kuweka kaboni mahali pake, hata betri ikawa salama kiasi cha kampuni ya Sony kuanza kuiuza mwaka 1991. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Anayechaji betri iliyopoa chini ya sifuri huirudisha ndani yake ile metali ambayo ustadi mwingi ulitumika kuitoa. Wala asijidanganye mwenye betri ya fosfeti ya chuma, inayosifiwa na mafundi wa sola kwa usalama wake, na kwa haki. Maana sifa hiyo ni ya ncha chanya, ilhali ncha hasi yake ni grafiti ile ile.

Wengi hudhani kwamba wakati wa hatari ni usiku wa manane. Hasha, usiku betri ya sola hutoa umeme tu, na kutoa si neno. Hatari huingia jua linapochomoza juu ya majani meupe kwa sakitu, mbingu ikiwa safi, kwa kuwa paneli iliyopoa hutoa volti nyingi kuliko iliyopata moto, na umeme huanza kuingia bila ya mtu kuamka kitandani, ilhali betri, nzito na iliyofungiwa katika sanduku la chuma kivulini, bado imebeba baridi ya usiku kucha na itakaa nayo kwa saa kadhaa. Hewa huweza kuwa nyuzi nane na betri ikawa chini ya sifuri. Kwa hiyo sensa ya joto isiyogusa mwili wa betri yenyewe haina shahada ya kutegemewa. Na kwa kuwa hapana mtu anayesimama alfajiri mbele ya swichi, ulinzi sharti uwe ndani ya chombo, usiachwe kwa kumbukumbu ya mwenyewe.

Wapandao Kilimanjaro hukutana na jambo hili kwa njia nyingine. Simu iliyokuwa na asilimia arobaini huzimika ghafla karibu na kilele, si kwamba imekwisha, bali ukinzani wa ndani umezidi kwa baridi na volti imeanguka. Mwenyewe kwa haraka ya kupiga picha huichomeka katika pawa benki, na simu isiyo na kinga huumia hapo hapo. Aiweke kwanza ndani ya nguo, karibu na kifua, nayo mara nyingi huamka yenyewe.

Mwezi Januari 2024, baridi kali ilipoikumba Chicago, magari ya umeme yalipanga foleni ndefu vituoni, na mengine yalichomekwa yasipokee umeme kwa muda mrefu. Watu waliona ni ubovu. Kumbe gari la namna hiyo huipasha betri moto kwanza kabla ya kukubali chaji, na kukataa kwake ndiko kuihifadhi.

Hifadhi kama hiyo katika betri ya nyumbani ni kazi ya bodi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Bodi nyingine za bei nafuu hukata umeme betri inapojaa kupita kiasi au inapopiga shoti, bali hazina habari ya baridi, na muuzaji aulizwe jambo hili waziwazi kabla ya fedha kutolewa. Penye baridi ya kudumu hufaa betri yenye kipasha joto kinachotumia umeme wa paneli kabla ya chaji kuruhusiwa: betri ya volti 12.8 na amperi-saa 100, yenye uzito wa kilo kama 12, huhitaji wati-saa zipatazo 50 kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 5 juu yake, yaani sehemu ndogo sana ya wati-saa 1,280 inazohifadhi. Sanduku lililotandikwa sponji hupunguza kazi hiyo, lakini halizalishi joto, hulichelewesha kutoka tu. Kwa nyumba ya Makete dawa rahisi kupita zote ni kuileta betri ndani ya nyumba, katika chumba kilicho jirani na jiko, na kupunguza amperi za chaji kila joto linapokuwa baina ya sifuri na nyuzi 10.

Betri yenye sensa ya waya huweza kujaribiwa dukani. Aghalabu sensa hiyo husoma omu elfu 10 katika nyuzi 25, na karibu elfu 30 katika nyuzi sifuri. Fundi aunganishe chaja na taa, kisha ncha ya sensa, ikiwa imefungwa kwa plastiki, aitie katika kikombe cha barafu iliyovunjwa na kuchanganywa na chumvi, ambayo hushuka chini ya sifuri. Baada ya dakika chache amperi zinazoingia katika betri zianguke hadi sifuri. Kisha achomoe chaja, na taa iendelee kuwaka kwa umeme wa betri. Ikiwa amperi ziliendelea kuingia vile vile sensa ikiwa barafuni, betri hiyo isipelekwe Makete.