Goti Huchanika Wakati wa Kutua

Lauren Jackson wa Australia alikuwa mchezaji bora wa mwaka wa WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake Marekani, mara tatu: 2003, 2007 na 2010. Mabeki walishindwa kumzuia. Kilichomshinda yeye ni kano ya sentimita 3 hivi iliyo katikati ya goti. Ilichanika, akapasuliwa, na Machi 2016, akiwa na miaka 34, akastaafu.

Kano hiyo ni nyuzi zilizoshikamana kama kamba ya mkonge. Wengi hudhani huchanika kwa kugongwa. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji: ameruka, ametua mguu ukiwa umenyooka, goti likaangukia ndani. Yote hayo huisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ubongo hauwahi kuamuru misuli iokoe. Ndiyo maana paja na nyonga hazina budi kujiandaa mguu ungali hewani. Na kano hiyo ikishachanika, mara nyingi haijiungi, kwa kuwa majimaji ya gotini huzuia damu kuganda na kushikanisha ncha zake.

Wanawake huumia hivi mara mbili au zaidi kuliko wanaume wa mchezo uleule. Netiboli, inayopendwa na wasichana wetu wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ni kali kwa goti: ukidaka mpira, sheria haikuruhusu kuendelea kukimbia nao, hivyo unasimama ghafla.

Inaniuma msichana aliyesikia goti likilia "ko!" anapoambiwa ameteguka tu, akakandwa kwa maji ya moto, kisha akarudishwa uwanjani kwa kuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imekaribia. Jezi hununuliwa kila msimu. Kumfundisha mwalimu wa michezo namna ya kutua hakumo kwenye bajeti. Jackson alirudi uwanjani 2022, akiwa na miaka 41, akaifunga Canada pointi 30 na Australia ikatwaa shaba ya Kombe la Dunia. Lakini binti wa hapa kwetu Mkata au Mombo akiumia, upasuaji hupatikana mbali, kama vile taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, kama nauli na gharama zitapatikana.

Kinga haina gharama kubwa. Dakika 15 za kupasha mwili moto hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu: kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yamekunjwa yakielekea vidoleni. Mazoezi haya yanafaa pia kwa soka, wavu, mpira wa mikono, kuruka chini na mbio.