Msimu na Musim: Kuandaa Safari ya Shanta katika Visiwa vya Indonesia

Msafiri ajuaye Kiswahili, anapoitazama ramani ya Indonesia kwa mara ya kwanza, hushangazwa kwanza na ukubwa wake: visiwa zaidi ya 17,000, vilivyotandaa kwa kilometa zaidi ya 5,000 kutoka Sabang, upande wa magharibi, hadi Merauke, karibu na mpaka wa Papua New Guinea. Kisha hushangazwa na neno. Wenyeji humwuliza kama amefuata *musim* wa kiangazi au wa mvua, naye hahitaji kamusi. Ni *msimu*, neno la asili ya Kiarabu lililofika pwani ya Afrika na visiwa vya Wamalayu pamoja na majahazi yaliyotegemea pepo za Bahari ya Hindi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi safari hiyo inavyopangwa na mtu mwenye fedha kidogo, abebaye mzigo wake mgongoni, na mahali ambapo Kiswahili chake humsaidia au humpoteza.

Jambo la kuamua mwanzo ni huo msimu wenyewe. Katika Java, Bali na visiwa vinavyofuata upande wa mashariki, mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na kiangazi huwa kati ya Mei na Septemba. Lakini kanuni hiyo haienei nchi nzima. Ambon, katika Maluku, hupata mvua yake kubwa Juni na Julai, wakati Bali imekauka. Mtu aliyesoma habari za Bali pekee, kisha akavuka kwenda Ambon mwezi Julai, atalowa, na kosa si la mbingu. Zaidi ya mvua kuna bahari: Januari na Februari mawimbi huwa makubwa, na vyombo vya kuvukia baina ya Bali na Lombok huweza kusimamishwa. Kwa hiyo mpango mwema huacha siku mbili au tatu tupu kabla ya ndege ya kurudi. Wengi huziona siku hizo kuwa hasara, hadi zinapowaokoa.

La pili ni kukubali kwamba nchi hiyo haimalizwi kwa siku 30. Njia inayomfaa mgeni wa kwanza ni ya reli na vivuko. Treni za Java huenda kutoka Jakarta, kupitia Yogyakarta, karibu na hekalu la Borobudur lililojengwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, hadi Ketapang katika ncha ya mashariki. Hapo kivuko humpeleka Gilimanuk, Bali, kwa muda usiozidi sana saa moja. Lakini saa ya Bali iko mbele ya ile ya Java kwa saa nzima, na asiyerekebisha saa yake hulikosa basi. Kutoka Padangbai kivuko kingine huenda Lembar, Lombok. Atakaye Maluku au Papua hutegemea meli za shirika la taifa, PELNI, ambazo hazipiti kila siku. Huyo hupanga safari yake yote kwa kufuata meli.

Kalenda nayo ichunguzwe. Siku za Idul Fitri, ambayo wenyeji huiita Lebaran, mamilioni ya watu hurudi kwao, na tikiti za treni humalizika mapema sana. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa Bali, uwanja wa ndege hufungwa, na hata wageni hubaki ndani.

Milima huvutia wengi, na hapa uzembe una gharama kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Marapi wa Sumatra ulilipuka watu wakiwa juu yake, wakafa wapandaji zaidi ya 20. Msomaji wa Goma, aliyeyaona ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, haelezwi maana ya volkano. Rinjani ya Lombok, yenye mita 3,726, hufungwa kwa wapandaji katika miezi ya mvua. Taarifa rasmi kuhusu mlima husomwa wiki ile ile ya kupanda. Ya mwezi uliopita haitoshi.

Kuhusu hati, pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na habari ya viza iulizwe ubalozini, kwani haki ya kuipata viza uwanjani hutegemea uraia. Atokaye Kongo lazima awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, hivyo anayeikumbuka siku ya mwisho amechelewa. Kwa upande mwingine, tangu 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote. Malaria ni tatizo kubwa hasa Papua. Dola zilizokunjika au kuchafuka hukataliwa na wabadilishaji, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi amekwisha kulizoea nyumbani.

Shanta isizidi kilo 10. Nguo nyepesi, koti la mvua, chandarua, sandali, na vazi la heshima la kuingilia misikitini na mahekaluni: vingine hununuliwa sokoni huko huko.

Lugha ndiyo faida isiyokuwamo katika vitabu vya Wazungu. Kiindonesia, ambacho vijana wa mwaka 1928 walikitangaza kuwa lugha ya umoja, kilikua kutoka Kimalayu cha biashara, kama Kiswahili kilivyokua katika njia za misafara. Mgeni ataelewa *kabar* (habari), *waktu* (wakati), *kertas* (karatasi), *sabun* (sabuni) na *dunia*. *Meja* na *bendera* ziliachwa na Wareno kote kuwili. Hata *biro*, ambayo Kongo iliipokea kwa Wabelgiji, huko ilipitia kwa Waholanzi, na *biro perjalanan* ni ofisi ya safari. Katika ratiba za vivuko *Kamis* ni Alhamisi, na *Jumat* ni Ijumaa.

Ila undugu wa sura hudanganya. *Lima* ni tano, *dua* ni mbili, na *bibi* ni shangazi au mama mdogo. Mwanamke mtu mzima huitwa *Ibu*, mwanamume *Bapak*, na kuliacha neno hilo wakati wa kuuliza njia ni utovu wa adabu, kama vile mtu angemwuliza mama wa sokoni bei bila kumwita mama. Naye mwenye njaa, akiingia katika *warung* na kuagiza kuku, ajue ameomba kucha, aseme *ayam*.