Maneti ya Play, ya Xbox na ya Nintendo: kwa nini muchezo uleule haufanani mukononi?

Mahali popote vijana wanachezea michezo ya video, kuko mabishano yasiyoisha. Mumoja amezoea Play, anapewa maneti ya Xbox, anafungwa mabao matatu, kisha anasema: «Si mimi, ni maneti!» Wenzake wanacheka. Lakini anaweza kuwa na haki? Kwa sehemu fulani, ndiyo. Umbo la maneti linabadilisha kweli namna mutu anacheza. Lakini mara nyingi ile tunaita «maneti mbaya» ni mazoea ya vidole tu. Kuchanganya mambo hayo mawili kunaweza kukupotezea pesa wakati wa kununua.

Kiti cha kidole gumba

Shika maneti ya PlayStation. Pale kidole gumba cha kushoto kinalala bila kujikaza, kuko musalaba wenye mishale ine. Kijiti cha kuzungusha, kile wengine wanaita joistiki, kiko chini yake, karibu na katikati. Sasa shika ya Xbox: kidole kilekile kinaangukia kwenye kijiti, na musalaba ndio uko chini. Upande wa kuume, maneti zote mbili zinafanana: butoni ine juu, kijiti cha pili chini. Kwa hiyo, mabishano makubwa kati ya Play na Xbox ni juu ya sentimita chache tu za upande wa kushoto.

Tofauti hiyo inatoka wapi? PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na maneti yake haikuwa na kijiti hata kimoja. Michezo mingi ilikuwa bado inaendeshwa kwa mishale. Katika 1997 Sony ikaongeza vijiti viwili kwenye maneti yake, lakini kiti kizuri kilikuwa kimekwisha kukaliwa na musalaba. Mugeni aliyechelewa akakaa pale palibaki. Xbox ilitoka 2001, wakati michezo mingi mikubwa ilikuwa tayari ya kutembea pande zote, kwa hiyo Microsoft ikaweka kijiti mahali pa kwanza. Sony haikubadilisha mupango wake mupaka leo, hata kwenye DualSense iliyokuja na PlayStation 5 katika 2020.

Matokeo yake yanaonekana katika michezo. Kwenye Tekken ao Street Fighter, pigo moja linaomba chini, pembeni, mbele, haraka na bila kukosea. Hapo wengi wanapenda musalaba, na musalaba wa Play uko karibu na kidole. Kwenye michezo ya kufyatua kama Halo, kijiti cha kushoto kinakutembeza na cha kuume kinageuza macho. Hapo mupango wa Xbox unapumuzisha mukono wa kushoto. Kwenye mupira, mutu anaweza kutumia kimoja ao kingine, na ndiyo maana wachezaji wa mupira hawatasikilizana.

Muchezo unaomba maneti, na maneti inazaa muchezo

Musalaba wenyewe ulitoka kwa Gunpei Yokoi, muhandisi wa Nintendo. Aliuweka kwenye kamuchezo ka mukononi ka Donkey Kong katika 1982, ili kidole kimoja kitoshe kwa pande ine. Mwaka uliofuata uliingia kwenye konsoli ya Famicom, na tangu hapo karibu kila maneti imeuchukua.

Wakati mwingine, muchezo ndio unaumbua maneti. Street Fighter II ilikuwa na butoni sita: tatu za ngumi, tatu za teke. Maneti ya Super Nintendo ilikuwa na ine mbele na mbili juu ya mabega, hesabu ikatimia. Ile ya Sega Mega Drive ilikuwa na tatu tu. Muchezaji alipaswa kufinya Start ili kutoka kwenye ngumi kwenda kwenye teke, huku adui anaendelea kumupiga. Katika 1993 Sega ilitoa maneti mupya ya butoni sita.

Wakati mwingine, maneti ndiyo inafungua njia. Kijiti cha Nintendo 64, katika 1996, kilijua kama umekisukuma kidogo ao sana. Kwenye Super Mario 64, ukisukuma pole Mario ananyemelea, ukisukuma yote anakimbia. Musalaba hauwezi kufanya hivyo: wenyewe unajua ndiyo ao hapana tu. Lakini kijiti hichohicho kiliumiza watu. Mario Party ilikuwa inaomba kukizungusha mbio sana, watoto wakakizungusha kwa kiganja, ngozi ikachubuka. Katika 2000, kule Marekani, Nintendo ilikubali kutoa glavu kwa wenye walikuwa na muchezo huo.

Katika 2006 Nintendo ikaleta Wii: maneti kama telekomande, unarusha mukono kama unapiga tenisi. Watu ambao hawakushika maneti maisha yao yote wakaanza kucheza, hata wazee. Konsoli hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 100. Haikuwa na picha nzuri kushinda wengine. Ilikuwa na maneti ambayo haikuogopesha mutu.

Butoni ya kupiga bao iko wapi?

Sasa turudi kwenye kulaumu maneti. Kwenye FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, butoni ya kupiga goli kwenye Play ni duara. Kwenye PES ilikuwa karé, na duara ilikuwa ya kuinua mupira. Maneti ni ileile, lakini mwenye kutoka PES anainua mupira pale alitaka kupiga. Hapo hakuna umbo linakosea. Ni kumbukumbu ya vidole, na michezo yote miwili inakubali upange butoni upya katika maparametre.

Ni vilevile na herufi. Kwenye Nintendo, A iko kuume na B iko chini. Kwenye Xbox, A iko chini na B iko kuume. Hata Sony iligawanyika: Japani duara ilikuwa inamaanisha ndiyo na X hapana, lakini Ulaya na Amerika ilikuwa kinyume. PlayStation 5 ndiyo ilileta desturi moja, X ikawa ndiyo hata Japani, na Wajapani wengi wakalalamika. Mutu anaweza kushinda mazoea haya kwa kucheza siku kazaa. Haiko sababu ya kununua maneti ingine.

Mambo ambayo si mazoea

Ya kwanza ni kijiti kinachojiendea. Ndani ya vijiti vingi kuko vipande vinavyosuguana kila mara unasukuma. Vikiisha, muchezaji wako anatembea mwenyewe bila kuguswa. Joy-Con za Nintendo Switch zilijulikana sana kwa ugonjwa huo, mupaka mukubwa wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba musamaha katika 2020. Kuko vijiti vya sumaku ambavyo havisuguani hivyo, na maneti ya Dreamcast ya Sega ilikuwa navyo tangu 1998.

Ya pili ni nguvu ya kuchaji. Maneti ya kawaida ya Xbox inatumia pile mbili ndogo, zile za telekomande. Ya Play iko na batiri ndani, inapaswa kuchajiwa. Kule kuranti haipotei, wengi wanasifu batiri ya ndani. Kule inapotea, pile ya kubadilisha inaweza kuokoa mechi, lakini inakula pesa kila juma. Zote mbili zinaweza kucheza kwa waya.

Ya tatu, na ndiyo nzito zaidi, ni nani anafungiwa inje. Maneti ya kawaida inaomba mikono miwili, vidole gumba viwili, na nguvu ya kufinya. Mwenye kukosa mukono, ao mwenye vidole visivyokunjika, hawezi kuambiwa «utazoea». Katika 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller: sanduku la butoni mbili kubwa, lenye matundu mengi nyuma ya kuchomeka butoni za kufinya kwa muguu, kwa kiwiko ao kwa kichwa. Sony ilifuata Desemba 2023 na maneti ya Access. Ni ya bei, lakini zinaonyesha kwamba ukuta ulikuwa kwenye maneti, haukuwa kwa mutu.

Mbele ya kununua ao kuandaa mashindano

Weka maneti juu ya meza, muchezo ukiwa umefunguliwa. Muchezaji akitembea peke yake, kijiti kimekwisha, acha. Uliza pia inaenda na konsoli gani: maneti ya PlayStation 4 haichezi michezo ya PlayStation 5, lakini ya Xbox One inatumika kwenye Xbox Series. Na kwa wenye kuandaa mashindano: muache kila muchezaji apange butoni zake mbele ya mechi, na maneti za pande zote mbili zijaribiwe. Hapo anayefungwa atajua amefungwa na muchezaji, si na kijiti.