Shilingi 80 kwa Kila 100

Msamaria aliyemkuta mtu amejeruhiwa njiani hakumsikitikia tu na kupita. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampa mwenye nyumba ya wageni dinari 2, tena akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Katika mfano ule, upendo una gharama inayohesabika.

Gharama ya namna hiyo ilionekana katika kijiji cha Pwani, karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru. Huko Bruda Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, alifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko. Katika kila shilingi 100 za mshahara wake, alitoa 80 kuwasaidia maskini.

Shida hazikuwa za kutafutwa. Yapata thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilometa 7 kwenda shuleni, kwa njia zisizopitika wakati wa mvua. Ukame na njaa viliwajia wenyeji mara kwa mara.

Lakini fedha peke yake hazitoshi. Bruda Tabichi na walimu wenzake waliwafundisha wanafunzi dhaifu nje ya saa za darasa, hata kuwafuata majumbani mwao. Aliwaelekeza wakulima kupanda mazao yanayostahimili ukame. Na kwa kuwa sehemu zile ziliumizwa na fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alianzisha chama cha amani, ambamo watoto wa makabila 7 walijadiliana na kupanda miti pamoja.

Mwezi Machi 2019, huko Dubai, alitunukiwa kuwa mwalimu bora duniani, akapewa dola milioni 1. Hata hivyo, alikuwa ametoa zile shilingi 80 kabla hajajulikana na mtu.

Ni kweli, karani mwenye watoto sita hawezi kutoa kiasi hicho. Lakini yuko mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Yuko mjane ambaye mahindi yake yamezongwa na magugu. Jembe la mkulima kwa saa 2 siku ya Jumamosi ni dinari pia. Wazee walikwisha kunena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.