Maji Yenye Rangi ya Chai

Mvua ikinyesha usiku juu ya uwanda wa Nyabondo, watu wa Katito hawahitaji redio kuwapa habari. Asubuhi wanaiona ndani ya mitungi. Maji ambayo jana yalikuwa na ukungu tu, leo yana rangi ya chai ya maziwa. Yatie kwenye glasi, yaache juu ya meza, na baada ya muda utaona chini yake tabaka jembamba la udongo, laini kama unga wa wimbi. Udongo huo jana ulikuwa shamba la mtu.

Katito iko Nyakach, kaunti ya Kisumu, pale barabara inayotoka Ahero kwenda Sondu na Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay na Homa Bay. Upande mmoja kuna ukuta wa Nyabondo. Upande wa pili tambarare inashuka taratibu hadi Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Miguuni pa ukuta huo ndipo palipo na makorongo ya Katuk Odeyo, mipasuko ambayo mtu mzima akisimama ndani yake haonekani, na ng'ombe akitumbukia usiku hatoki mwenyewe. Udongo wa huku chini ni mwepesi kuyeyuka: ukishavuliwa nyasi, mvua ya dakika chache inauchana kama karatasi iliyolowa.

Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto chenye makao yake Nairobi, wamelichunguza bonde la Nyando na makorongo yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Walichokileta kipya ni namna ya kuusoma udongo kwa mwanga. Kwa kawaida kupima udongo ni kazi ya kemikali, chupa na subira. Wao waliukausha, wakausaga, wakaumulika kwa mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi kama joto. Kila udongo unarudisha mwanga huo kwa namna yake, kulingana na mboji na mfinyanzi uliomo. Kipimo kinachukua dakika badala ya siku, kwa hiyo sampuli zikaweza kuhesabiwa kwa maelfu na ramani ikachorwa: hapa ardhi bado inakunywa maji, hapa imekwisha kuwa sakafu.

Ardhi iliyokuwa sakafu hainyonyi mvua. Inaitupa bondeni pamoja na udongo, samadi, na chochote kilichoachwa vichakani na watu wasio na choo. Kinachobaki kwenye kijito au kisima cha wazi ndicho kinachotekwa. Kinachopita kinafika ziwani kikiwa kimebeba fosforasi, chakula cha mwani unaoigeuza Ghuba ya Winam kuwa kijani kama uji wa mchicha.

Lakini turudi kwenye glasi, maana hapo ndipo afya ya umma inapoingia.

Ukungu wa maji hupimwa kwa kizio kinachoitwa NTU. Maji ya NTU 5 macho ya kawaida huyaona safi. Shida ya ukungu si sura tu. Klorini, ile dawa ya maji inayouzwa kwa chupa ndogo, haichagui adui: inashambulia vijidudu, na inashambulia vilevile mabaki ya majani na samadi yaliyochanganyika na tope. Yakiwa mengi, dawa inakwisha kabla haijamaliza kazi. Ndiyo maana maelekezo yanasema maji machafu yatiwe dozi mara mbili, na ndiyo maana watoto huyakataa maji hayo wakisema yananuka hospitali.

Kina mama wa ukanda wa ziwa walilijua hilo kabla ya maabara. Wanatumia shabu: kipande kinazungushwa ndani ya ndoo, maji yanaachwa, tope linakaa chini. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi na zinasukumana kama watoto wasiotaka kukaa dawati moja. Chumvi ya shabu inaleta chaji chanya inayozipatanisha, zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ila shabu peke yake haimalizi vijidudu. Maji yanaweza kung'aa na bado yakamlaza mtoto.

Mwaka 2005 jarida la udaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanywa katika maboma 605 vijijini magharibi mwa Kenya kwa wiki 20. Kundi la kwanza lilipewa pakiti za unga unaozamisha tope na kuua vijidudu kwa pamoja. La pili likapewa klorini ya kawaida. La tatu likaendelea na desturi yake. Maji ya wenye unga yalikuwa na wastani wa NTU 8, ya wengine NTU 55. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kuhara kulipungua kwa kama asilimia 25 walikotumia unga na asilimia 17 walikotumia klorini, ingawa tarakimu ya pili kitakwimu haikusimama imara. Kilichonifanya niisome taarifa hiyo mara mbili ni vifo: katika maboma yaliyotibu maji, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 42.

Msomaji makini ataniuliza: je, klorini peke yake ilishindwa na tope? Hapana. Sampuli zisizo na bakteria wa kinyesi, E. coli, zilikuwa asilimia 82 kwa wenye unga na 78 kwa wenye klorini, dhidi ya 14 kwa wasiotibu. Tofauti ya hao wawili ni ndogo. Basi unga una ziada gani? Kwa maoni yangu, una ziada ya kuonekana. Mtu anayakoroga maji ya rangi ya chai, anaona mabonge yakishuka, anayachuja kwa kitambaa, na mbele yake kuna maji meupe. Hakuna anayehitaji kumhubiria.

Wengi hata hivyo hawana unga wala klorini. Wana moto. Kwa makadirio ya jumla, lita moja ya maji ikichemshwa juu ya mafiga matatu inakula karibu kilo moja ya kuni. Hesabu lita za kunywa za boma lenye watu 8, kisha inua macho utazame mteremko. Si kuni peke yake zilizoufanya uwe uchi: mapito ya ng'ombe yana sehemu yake, na kulima bila makingamaji, na barabara zinazomwaga maji yake shambani mwa watu. Lakini kuna kitu cha kusikitisha katika mti unaokatwa ili kuyasafisha maji yaliyochafuka kwa sababu mti wa jirani yake ulikatwa.

Na kumbe hakuna haja ya kufikisha maji kwenye mchemko. Hapa kando ya ziwa, mita 1,134 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, hata rotavirusi, hufa kwa dakika chache kwenye nyuzi 65. Ndiyo kanuni ya Louis Pasteur, inayotumiwa viwandani kwa maziwa kila siku. Mapovu yanayotokota ni ishara tu, kwa mtu asiye na kipimajoto, kwamba joto limeshapita kiwango zamani.

Mwaka 2003 shirika la Marekani, Solar Cookers International, lilianza mradi Nyakach wa majiko ya jua: karatasi ngumu iliyobandikwa foili inayong'aa, katikati sufuria nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki unaozuia joto lisitoroke. Mshirika wao, Robert Metcalf, profesa wa maikrobayolojia kutoka chuo kikuu cha Sacramento, California, alikuwa ameshughulikia joto la jua na maji kwa miaka mingi. Kifaa walichokitumia kuthibitisha kazi ni kijibomba kidogo cha plastiki chenye nta juu. Kinatumbukizwa ndani ya maji. Maji yakipita nyuzi 65, nta inayeyuka na kudondoka chini. Nta iko chini? Mimina, kunywa. Joto, tofauti na klorini, halijali tope. Maji ya rangi ya chai yanaiva sawasawa na maji ya chemchemi.

Lakini kilichobadilisha mazungumzo vijijini, naamini, ni maabara ya mfukoni ambayo kikundi cha Nyakach kiitwacho Friends of the Old kilijifunza kuitumia. Unachukua mililita 10 za maji, unazitia kwenye kichupa chenye chakula cha bakteria. Hakuna friji, hakuna umeme. Joto la kuwaotesha bakteria linatoka mwilini. Vichupa vinafungwa kiunoni, mtu analala navyo. Asubuhi kichupa kimegeuka manjano. Mnaingia gizani, mnakimulika kwa taa ya urujuanimno, kama ile ya dukani inayokagua noti bandia, na kikiwaka buluu mnajua: kinyesi kimeingia kisimani. Kile cha maji yaliyotiwa dawa kinabaki giza. Mzee aliyekunywa kwenye kijito hicho miaka 60 na kuapa hakijawahi kumdhuru sasa anatazama kichupa chake kikiwaka.

Jua nalo lina kasoro, na wanaolinadi mara nyingine huipita haraka. Mvua za masika, Machi hadi Mei, ndizo zinazoleta tope na kipindupindu, na ndizo zinazoleta mawingu. Jiko linalala wakati linapohitajika zaidi. Tena maji yaliyopashwa joto hayana ulinzi: kikombe kimoja kilichoshikwa na mkono mchafu kinayarudisha yalikokuwa. Kwa hilo jibu zuri zaidi lilitoka kwa wafinyanzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa maji salama wa shirika la misaada la CARE na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huko Homa Bay ulileta vyombo vya plastiki, lakini watu walipenda dapi, chungu cha Waluo kinachopoza maji chenyewe. Basi dapi ikafinyangwa upya na kina mama: mdomo mwembamba mkono usipite, na bomba dogo chini.

Utafiti haukuishia kwenye ushindi. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio kubwa lililofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, lenye wanawake wajawazito zaidi ya 8,000. Klorini, vyoo na kunawa mikono havikupunguza kuhara kwa watoto. Bangladesh, kwa mpango uleule, vilipotolewa kwa pamoja vilipunguza. Wahamasishaji wa huko walitembelea nyumba mara nyingi zaidi. Wengine waliona ni mwisho wa habari ya klorini. Mimi naona ni habari ya ziara. Dawa isiyotiwa haiui kitu.

Kule Katuk Odeyo nako kuna ziara za aina nyingine. Tangu 2011 vijiji vya bonde la Nyando vimekuwa vikijaribu kilimo kinachohimili tabianchi: makingamaji, miti, malisho yaliyofungiwa yapumue, na mbuzi wa Galla na kondoo waliochanganywa na wekundu wa Kimaasai badala ya kundi kubwa la ng'ombe. Wataalamu wa mbuzi hao na wataalamu wa kuhara hupita barabara moja, na kwa nadra hushuka gari moja. Idara ya kilimo inahesabu tani za udongo, ya afya inahesabu watoto waliolazwa.

Mama anayeteka maji hahesabu hivyo. Amesimama jikoni na ndoo mbili. Ile iliyotuama tangu jana anaimimina polepole ndani ya dapi, akiiinamisha kidogo kidogo, na tope linapoanza kusogea anaacha. Anatia dawa, anafunika. Kilichobaki chini, robo lita ya shamba la mtu wa juu, anatoka nacho nje na kukimwaga kwenye shina la mpapai.